Tembe Moja, Cheti Kimoja

Jana alikuja kwangu kijana wa baraza, shati limepigwa pasi, daftari kwapani. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikampa kigoda. Hata maji hajamaliza kunywa, akaniuliza nina kitu gani cha kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa hapa. Eti wanaandikisha watu watakaosema nani awe mkuu wa kijiji, na amri iliyotoka ni kwamba kila mtu athibitishe kwanza kuwa hakutoka kwingine.

Nikafungua mdomo. Nikamwonyesha pengo la meno mawili ya chini, yale tunayong'olewa utotoni sisi watu wa nchi hii. Nikavuta na sikio, nikapitisha kidole gumba kwenye ndewe, lile tundu tunalotobolewa.

"Hayo si hati, mzee," akasema.

"Na mimi si mzee. Nina umri wa baba yako mdogo. Meno mengine unayoona hayapo, hayo yalichukuliwa na njaa."

"Basi karatasi yoyote ya zamani, baba mdogo. Hata ya Mjerumani."

Hata ya Mjerumani! Nilisimama, nikamwambia aende zake, arudi keshokutwa. Nilijua nikiendelea kukaa naye nitamtukana mtoto wa watu kwa makosa ya wengine.

Sasa nimekaa naandika, kwa mkono huu uliojifunza herufi ukubwani, ili yeye na wenzake wote walioajiriwa kubeba madaftari wasome. Kazi yenu naijua. Niliifanya kabla yenu. Wakati wa Mjerumani nilikuwa tarishi wa boma, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu nyumba, kuanzia mabonde ya huku kwetu mpaka njia ya Haneti. Nitawataja watu kwa majina yao. Baadhi wamekufa, na sitawaomba radhi.

Aliyenifundisha alikuwa Songoro, mkuu wa matarishi, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe akabaki. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa mpaka huwezi kusema ilikuwa rangi gani. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye tembe moja, akakaa mbali, akaniambia, "Haya, hesabu."

Nikasimama uani, nikanyoosha kidole. Mlango mmoja, miwili, mitatu. Akatoka bibi mmoja na mchi mkononi.

"Unahesabu nini, wewe mtoto?"

"Nahesabu nyumba, bibi. Na watu."

"Unahesabu watu kwa kidole? Unataka nani afe kwanza?"

Alinifukuza mpaka kwenye ua wa miiba. Mmoja wa milango yangu mitatu, kumbe, ulikuwa wa ndama. Songoro alicheka mpaka akavua kofia.

Alipomaliza kucheka alinifundisha, na hili nalisema kwa faida yenu. Ukifika, salimu. Sema mbukwenyi, ungoje wakuitikie wote, hata yule aliyelala. Omba maji. Kaa chini. Usinyooshe kidole kwa mtu wala kwa ng'ombe. Weka punje za uwele mfuko wa kulia, na kwa kila unachohesabu hamisha punje moja mfuko wa kushoto, kimyakimya, huku unaongea habari za mvua. Ukitoka nje ndipo uhesabu punje. Na usihesabu milango. Mlango wa tembe hausemi kitu.

Labda ninyi mliokulia kwenye nyumba za bati hamjui vizuri tembe. Ni nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake la udongo limelala bapa, fupi kiasi kwamba mtu mzima anaingia ameinama. Inaanza upande mmoja wa zizi, inakata kona, inarudi, mpaka imewazunguka ng'ombe. Ukiwa nje unaona ukuta mmoja tu. Ndani kuna chumba baada ya chumba, na kila mwanamke ana chumba chake, moto wake na jiwe lake la kusagia. Yumo baba, wamo wanawe waliooa, wamo ndugu zake, yumo na mtu aliyekuja mwaka wa njaa akapewa kona akaota mizizi.

"Hesabu mawe ya kusagia," Songoro alisema. "Jiwe lina mwanamke, mwanamke ana mume. Mwanamume anaweza kukimbilia porini akikuona. Jiwe litakimbilia wapi?"

Njia hiyo haikunidanganya hata mara moja. Laiti ningekuwa mjinga nisiijue.

Bwana mkubwa wa boma tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakwenda mahali bila kamba ya kupimia. Alipima barabara, alipima visima, alipima kaburi la farasi wake. Sisemi alikuwa katili kuliko wengine. Alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kikae kwenye mstari, na nchi yetu haijawahi kukaa kwenye mstari.

Kwanza alitaka kila nyumba iandikwe namba kwa chokaa ukutani. Tukazunguka na makopo na brashi miezi miwili, mimi nikichora namba nilizofundishwa juzijuzi. Namba tano yangu ilitazama nyuma. Mbuzi wakaipenda sana ile chokaa. Walisimama kwenye kuta wanalamba, na tulipopita mara ya pili namba zote za chini hazipo, zimebaki zile za juu karibu na paa ambako mbuzi hawafiki. Bwana Kamba akamuuliza Songoro ni nani aliyefuta mali ya serikali. Songoro akajibu kwa adabu zote kwamba wahalifu wako zizini na wana mikia.

Baada ya hapo zikaja karatasi. Kila nyumba cheti kimoja, chenye muhuri wa ndege tai, na jina la mwenye nyumba limeandikwa na karani Faraji. Huyu Faraji nataka mlishike jina lake. Alitoka pwani, mwandiko wake ulikuwa mzuri kama nakshi za mlango, na alituona sisi wote kama watu waliokosea njia wakaangukia mezani kwake. "Jina?" anauliza. Ukimwambia jina anakunja uso, "Hilo nalo ni jina?" Kisha anaandika anavyotaka yeye.

Karatasi na tembe haviishi pamoja. Moshi unaigeuza, paa linavuja, mchwa wanamaliza kilichobaki. Mjomba wangu Sakalani, mkubwa wa tembe la kwetu, alikikunja cheti chake kikawa chembamba kama ubua, akakiingiza ndani ya kimwanzi, akakichomeka kwenye ndewe ya sikio pale alipokuwa akiweka ugoro. Alitembea nacho hivyo miaka yote. Askari akimsimamisha njiani, anavua sikio lake tu.

Tembe la Sakalani ndimo nilimozaliwa. Alikuwamo kaka yangu mkubwa, Masinga, baba mmoja mama mmoja, na mkewe Mbeleje. Masinga alikuwa mtu wa kuchimba visima. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu, yeye ndiye aliyejua pa kuchimba, na watu wa mabonde matatu walikuwa wanakunywa kwa mkono wake. Aliongea kidogo, na akiongea alikuwa anakuchokoza.

"Tarishi wa boma amefika," anasema akiniona. "Ficheni mawe ya kusagia!"

Sasa nafika kwenye upumbavu wangu, nao nautaja kwa jina langu, Chilewa, kabla sijataja wa mtu mwingine.

Kodi wakati ule ilitozwa kwa nyumba, si kwa mtu. Bwana Kamba alisumbuka sana na swali la nyumba ni nini, mwisho akaamua: paa moja ni nyumba moja. Siku hiyo nilikuwa kwa Sakalani, tumekaa na kibuyu cha pombe ya uwele, nikamwambia kwa mzaha, "Mjomba, hili tembe lako na lile la jirani yamepishana hatua nane tu. Mngeunganisha paa, mimi ningeandika moja."

Nilicheka, wakacheka, nikaenda zangu.

Msimu uliofuata narudi, nakuta matembe mawili yamekuwa moja. Wamesimika miti, wametandika udongo, wametoboa ukuta, unaingia kwa Sakalani unatokea kwa jirani. Mwaka wa pili wameunganisha la tatu. Ukoo wa ng'ambo ya korongo wakasikia, nao wakaanza. Ikafika mahali bonde zima lilikuwa na mapaa matano au sita, marefu, yamejiviringa kama chatu aliyeshiba, na ndani yake mawe ya kusagia hayana idadi. Mimi naandika: nyumba moja, cheti kimoja. Wanawake wananiletea karanga. Nilijiona mkombozi wa watu wangu.

Songoro ndiye hakucheka.

"Umewapunguzia mzigo," aliniambia tukiwa njiani. "Sawa, wala sitakusema kwa mtu. Lakini kwenye daftari la Faraji hawa watu hawamo. Siku wakitaka kuwamo, utawatoa wapi?"

"Nani atataka kuwa kwenye daftari la Faraji, mzee wangu?"

Alitema tumbaku, tukaendelea kutembea.

Karibu na barabara kubwa alikuwepo Msanjila, mnunuzi wa ngozi. Hili ni jina la pili la kushika. Alikuja na mzigo mmoja wa ngozi, na nasikia kwao walimfukuza. Kwa miaka michache alikuwa na uwanja mzima wa ngozi zinazonuka, na wachukuzi kutoka kila upande wa nchi, vijana wasio na mke wala mbuzi. Kila mchukuzi alijenga kibanda chake cha msonge, cha siku mbili tu. Na Msanjila alihakikisha kila kibanda kina cheti, ili wachukuzi wake wasisumbuliwe na askari njiani. Nilipomuuliza mbona anajitafutia kodi nyingi hivyo, akanigonga begani.

"Bwana Chilewa, mimi napenda watu wangu waonekane."

Basi jumbe wetu wa zamani akafa.

Ninyi mnasema mkuu wa kijiji. Kwetu wakati ule jumbe ndiye aliyesimama kati yetu na boma. Boma likitaka watu wa kuvunja mawe, wa kubeba mizigo, wa kwenda reli kule Dodoma, halikumjua mtu mmoja mmoja, lilimwambia jumbe, na jumbe ndiye aliyesema nani atoke na nani abaki. Jumbe mwema alichagua mwenye ndugu wa kumlimia. Jumbe mbaya aliuza. Kwa hiyo si kiti tulichokuwa tunagombea, jamani. Tulikuwa tunagombea nani atakuwa na ulimi wa kututaja.

Waliojitokeza walikuwa wawili, mjomba Sakalani na Msanjila. Boma lingeweza kumteua mmoja tu, kama kawaida yake. Lakini Bwana Kamba alikuwa amechoka na mashtaka, akapata wazo. Watu wenyewe waje bomani, wasimame nyuma ya wamtakaye. Habari hiyo iliposomwa, wanawake walipiga vigelegele. Msanjila angesimama na nani? Na ngozi zake?

Kumbe Msanjila alikuwa ameshafika kwa Faraji, na Faraji alikuwa ameshafika kwa Bwana. Alimwambia kwamba tangu mwaka wa njaa nchi imejaa wageni, na wageni wakija kusimama wataharibu shauri la wenyeji. Afadhali waruhusiwe wenye cheti tu, maana mwenye cheti ndiye mwenyeji anayejulikana. Bwana Kamba akaona ni neno la haki. Ukilisikia hivi hivi, hata wewe unaona ni la haki. Ndiyo maana linaniudhi mpaka leo.

Siku yenyewe walitandika ile kamba ya kupimia uwanjani, imekazwa kwenye vigingi. Ndani ya kamba wanasimama wenye vyeti, nje wasio navyo. Mimi niliwekwa penye nafasi ya kupitia, Faraji mezani kando yangu. Kazi yangu: kutazama cheti, kusema "pita" au "kaa nje".

Wachukuzi wa Msanjila walikuja wa kwanza, wamenawa uso. Mmoja baada ya mwingine, cheti, cheti, cheti. Kijana mmoja hakujua hata jina la bonde letu, alilitamka kama anatafuna mfupa. Lakini ndege wa muhuri alikuwepo. "Pita," nikasema.

Kisha wakashuka watu wetu. Walikuja kama wanakwenda harusini, wamejipaka mafuta, wazee mbele, mikuki wameiacha nyumbani kama walivyoambiwa. Sakalani akavua kimwanzi sikioni, akakunjua cheti. "Pita, mjomba." Nyuma yake Masinga.

"Cheti," Faraji akasema, hata hajainua kichwa.

"Kimeshapita," Masinga akajibu. "Kile pale, sikioni kwa mjomba."

"Kile ni chake."

"Ni cha nyumba. Na mimi natoka nyumba hiyo hiyo."

"Umeandikwa wapi?"

"Muulize huyu." Akaninyooshea mimi kidevu. "Anajua mpaka jiwe la mke wangu."

Faraji akanigeukia. "Tarishi, huyu ni mtu wa wapi?"

"Ni kaka yangu, karani. Tumezaliwa chumba kimoja."

"Sikukuuliza habari za mama yako. Daftarini yumo?"

Na daftarini hakuwamo. Nani alimwacha nje ya daftari? Mimi. Kwa mzaha wangu, kwa karanga za wake zao, kwa paa nililosema waunganishe. Ningesema ukweli pale, kwamba ndani ya kila cheti kuna wanaume kumi na zaidi, Bwana Kamba angesema tulimwibia kodi miaka yote, na bakora zingeanza na Sakalani kisha mimi.

"Kaa nje," Faraji akasema.

"Mimi?" Masinga aliangalia ndani ya kamba. Kule yule kijana wa ngozi alikuwa amejiegemeza kwenye kigingi anachokonoa meno. "Kile kisima mnachokunywa hapa bomani nani alikichimba? Mgeni?"

Watu wakaanza kupaza sauti. Bwana Kamba akatoka barazani, askari wakainua bunduki, tukatulia. Hesabu ilikuwa ya aibu. Nyuma ya Msanjila uwanja umejaa. Nyuma ya Sakalani wazee watano, kila mmoja amebeba cheti cha tembe lake, na nje ya kamba nchi nzima imesimama inatazama. Bwana Kamba aliwapima kwa macho wale waliojaa nje, akamwambia Faraji kitu kwa Kijerumani, huku akitikisa kichwa. Baadaye niliambiwa alisema: wageni ni wengi kweli, karani alikuwa na haki.

Msanjila akawa jumbe. Hapo ningemaliza, na ingetosha kuwa mbaya. Lakini Faraji alikuwa na neno la ziada.

"Waambie hawa wasio na cheti," akaniambia kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwake, "wasiondoke na kinyongo. Kila mmoja ataje jina lake na mahali anapolala. Bwana atawafikiria, na kodi ya nyuma hataidai. Labda safari nyingine nao watapata vyeti."

Nilifurahi, ninyi! Niliona hii ndiyo nafasi ya kurekebisha makosa yangu. Nikaketi karibu na Faraji, nikayataja mapaa yote kwa mpangilio wangu, chumba kwa chumba, jiwe kwa jiwe, kama Songoro alivyonifundisha, ila safari hii kwa sauti na kwa majina. Watu walisukumana kuwahi. Mzee mmoja alimleta mwanawe aliyekuwa ameoa mwezi ule, "Mwandike na huyu, ana jiwe tayari!" Mwanamume ambaye hakuja, mkewe alimtaja.

Masinga peke yake ndiye alisitasita.

"Miaka yote tumekaa kimya chini ya paa," akasema, "leo tunajitaja wenyewe?"

"Leo tunajitaja kwa faida, kaka."

"Haya. Wewe ndiye mtu wa boma. Niandike huko nyuma."

"Hapana, wewe uwe wa kwanza. Vyeti vikija vichache, usikose."

Na Faraji akamwandika wa kwanza, mstari wa juu kabisa.

Songoro alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Alingoja mpaka watu wameondoka.

"Karani, hiyo karatasi italala wapi?"

"Sandukuni."

"Sanduku la nani?"

"Mzee Songoro," Faraji akasema, anakausha wino, "kazi yako ni miguu."

Vyeti havikuja. Kila nikiuliza naambiwa Bwana anafikiri. Kumbe Bwana Kamba alikuwa ameshahamishwa, akaja mwingine ambaye hakujua hata kama kuna watu wa kufikiriwa. Halafu vita vikafika, Mjerumani na Mwingereza, na boma likataka wapagazi. Halikutaka wachache. Lilitaka wote wenye mabega.

Asubuhi moja tuliitwa uwanjani pale pale. Safari hii hapakuwa na kamba ya kupimia, ilikuwepo kamba ya kufungia. Msanjila amekaa kwenye kiti cha jumbe, Faraji mezani. Wachukuzi wa ngozi hawakuwepo hata mmoja. Jumbe alikuwa amesema hao wana kazi ya serikali, ya ngozi za viatu vya askari. Watu wetu walidhani wamefichika chini ya mapaa yao. Tembe sita, vyeti sita. Atachukuliwa mmoja kila tembe, labda wawili, wengine watabaki kulima. Masinga alikuwa amekaa amechuchumaa karibu yangu, ametulia kabisa.

Faraji akafungua sanduku. Akatoa karatasi, akaipuliza vumbi, akasoma jina la kwanza.

"Masinga."

Mimi nilidhani ni bahati mbaya tu. Akasoma la pili, la mtu wa chumba cha pili. La tatu, la chumba cha tatu. Akafika kona ya tembe, akakata kona. Hapo nikasimama. Huo haukuwa mpangilio wa Faraji. Ulikuwa mpangilio wangu. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba yetu kwa miguu yangu, chumba kwa chumba, jiwe kwa jiwe, wala hakumsahau yule aliyeoa mwezi ule.

Nilikwenda mezani. "Karani, hawa ulisema si watu wa hapa. Hawana cheti. Ni wewe ulisema!"

Msanjila akacheka. "Kubeba mzigo kuna haja ya cheti, Bwana Chilewa?"

"Basi waulize wale wenye vyeti!"

"Wale wanajulikana," Faraji akasema. Akaendelea kusoma.

Walipomfunga Masinga alinigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema tu, akitabasamu upande mmoja kama alivyozoea, "Waambie bado nangoja cheti."

Hakurudi. Katika mapaa yale hawakurudi hata wa kujaza chumba. Wakati wa kiangazi wanawake walichimba mchanga wasipate maji, kwa sababu aliyejua pa kuchimba alikuwa anabeba risasi za watu njia za kusini. Ng'ombe walikuwa wameshachukuliwa. Njaa ikaingia vyumba vyote, nayo haikuuliza karatasi. Sakalani alikufa na kimwanzi chake sikioni. Songoro alikufa mwaka huo huo. Faraji, nasikia, yuko pwani, anaandikia watu barua. Msanjila alikimbia na ngozi zake siku Mwingereza anaingia. Mimi niliokoka kwa kula mizizi na kwa kuwa tarishi wa boma hafungwi kamba.

Mbeleje, mke wa kaka, naye aliokoka. Paa la tembe limeanguka karibu lote, yeye ameezeka chumba chake tu. Anasagia kwenye jiwe lile lile. Nikipita namsalimu, ananiitikia vizuri, na hajawahi hata siku moja kuniuliza. Afadhali angeuliza.

Sasa kesho kijana wangu atarudi na daftari lake. Simchukii. Shikamoo yake ilikuwa ya moyoni. Nitampa kigoda, nitampa maji, nitamfundisha kuhamisha punje za uwele akitaka. Karatasi ya Mjerumani ninayo, ile ya sikioni kwa mjomba, niliitoa mwenyewe kabla ya kumzika. Sitamwonyesha. Nitampeleka kwanza kwa shemeji Mbeleje, asimame mbele ya lile jiwe, na hapo nitamuuliza swali la Songoro: daftari hili likishajaa, litalala kwenye sanduku la nani?

Asipojua, aende akaulize. Nitamngoja hapa hapa. Akijua, na jibu likiwa la kueleweka, basi afungue ukurasa mpya, na mstari wa juu kabisa aandike jina langu mimi.